Kilima Kama Kitakavyokuwa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na leo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Kazi yenyewe si ya kuajiriwa. Nimemaliza mitihani, nasubiri majibu na shule ya kwenda, na Mama amechoka kuniona nimejikunyata chumbani. Alimwambia Shangazi, "Wifi, mchukue huyu kabla hajaota kuvu." Shangazi ni mchora ramani katika ofisi ya misitu. Akanichukua.

Chumba chetu kiko mwisho wa korido. Kina kompyuta mbili, kabati la ramani lenye droo pana nyembamba, dirisha moja linalotazama kilima, na ndoo chini ya mahali paa linapovuja. Nimewekwa karibu na ndoo.

Kilima hicho mji mzima unakiamkia. Kimefunikwa na misonobari iliyopandwa kabla Baba hajazaliwa. Miti imekomaa na ofisi inataka kuivuna. Tarehe 25 Mei wakazi watakutana kwenye ukumbi wa shule waseme kama wanakubali au hawakubali, na kabla ya kusema wanataka kuona. Kilima kitakuwaje mwaka wa kwanza baada ya kukatwa? Wa tano? Wa ishirini? Hapo ndipo tunapoingia sisi. Tunaiwekea kompyuta umbo la ardhi, tunapanda juu yake miti ya bandia yenye vipimo vya kweli, halafu tunaikata.

Naandika kwa lugha ya nyumbani. Ile ya darasani nimefaulu nayo kila mtihani, ila sijawahi kuitumia kusema kwamba ninaogopa. Ninaogopa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Kazini nimesema maneno manne, na mawili yalikuwa "shikamoo".

Ijumaa, 8 Machi

Tumepanda kilimani kupima. Shangazi hupigilia kigingi katikati, huzungusha kamba mita kadhaa, na kila mti ulio ndani ya duara lazima upimwe unene usawa wa kifua, kisha urefu. Mimi nashika futi, yeye anaandika. Shangazi haongei bila sababu, wala hasifu. Nilipokosea namba mbili alisema tu, "Rudi mti wa tisa." Nikarudi. Mti wa tisa ulikuwa mtelezo mtupu, nikateremka kwa makalio.

"Sasa umepima na ardhi," akasema. Sikujua kama ni utani.

Kutoka kwenye maduara hayo ishirini kompyuta inakisia msitu wote. Ofisini wanasema picha "inapikwa". Unaipa vipimo, unaiacha kwa muda wa saa sita, unarudi kuona kama imeiva.

Jumatano, 13 Machi

Msitu wangu wa kwanza umeiva. Shangazi aliutazama akaguna. "Hili ni gwaride. Miti yote kimo kimoja, nafasi sawasawa. Umewahi kuona msitu umepanga mstari kukusalimia?"

Akatoka. Bwana Misitu, mkuu wa ofisi, akaingia na kikombe cha chai, akainama hadi kwenye kioo. "Bi Kimya! Hii umeifanya wewe?" Ndilo jina walilonipa. Nikaitikia kwa kichwa. "Wewe ni hazina, binti. Hazina kabisa."

Nilirudi nyumbani bila kuhisi miguu. Kwa kweli nilitamani Bwana Misitu ndiye angekuwa shangazi yangu.

Jumanne, 19 Machi

Baba huendesha msumeno mkubwa kwenye kiwanda cha mbao. Leo amerudi saa tisa mchana kwa sababu magogo yameisha. Zamani yalikuwa yanakuja kila asubuhi. Siku hizi yanatoka mbali, na barabara zikilowa malori hayafiki.

"Mlima wenu huo mmeshauchora?" akaniuliza.

"Tunauchora, Baba."

"Uchoreni vizuri. Tusipopewa ule msitu, meneja anasema mwisho wa mwaka anafunga geti."

Kitindamimba wetu, ambaye ana miaka saba na haogopi kitu, akadakia, "Wakifunga geti Baba utaruka ukuta?"

"Nitaruka na wewe begani, ili ushikwe wewe."

Tulicheka sote, lakini Mama hakumaliza kucheka.

Jumanne, 26 Machi

Leo imekuwa siku yangu.

Ofisi ilihitaji picha ya kupachika misitu yetu ya bandia juu yake. Mvua ilipoacha nilikwenda njia panda, karibu na nyumba ya wageni, nikapiga kwa simu. Kilima hakikuingia chote, kwa hiyo nikaiwekea simu ile lenzi pana. Kikaingia, pamoja na barabara, mapaa, miti ya mbele na mawingu mengi ya kupendeza. Juu yake nikaweka mpango wa ofisi: vitalu vitatu vya mraba, kimoja kila mwaka, miaka mitatu kazi imekwisha. Kompyuta ikapika. Kitalu kilichokatwa kilionekana kama doa dogo la rangi ya kahawia, huko mbali, halimdhuru mtu. Anga nikalibadilisha kuwa bluu.

Bwana Misitu alipiga meza. "Hii ndiyo!" Shangazi aliikagua mti kwa mti dhidi ya daftari la vipimo, akaweka sahihi pembeni. Kwake yeye hayo ni maua na vigelegele. Kesho inachapwa na kubandikwa sokoni, zahanati na stendi.

Jumamosi, 30 Machi

Imebandikwa! Nilipita sokoni mara tatu nikijifanya natafuta vitunguu. Mara ya tatu nilimkuta Mama Veranda mbele ya ubao. Ndiye mwenye nyumba ya wageni, na watu humwita hivyo kwa sababu wageni wake hulala popote ila huamkia verandani kutazama kilima. Yeye ndiye aliyeapa kupinga uvunaji mpaka tone la mwisho. Aliitazama picha muda mrefu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akamwambia mwenzake, "Ah. Kama ni hivyo tu, mbona basi."

Basi! Mimi, nisiyeweza kuomba chumvi mezani, nimemnyamazisha Mama Veranda.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumatano, 10 Aprili

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaandika tu kama ilivyokuwa.

Bwana Misitu alinituma nipeleke nakala moja nyumba ya wageni. Mama Veranda hakuwepo sebuleni, nikasubiri verandani. Mvua ilikuwa imekatika na kilima kilisimama pale mbele yangu, kimeoshwa, hadi unaona vigogo. Kwa kujifurahisha nikainua karatasi, nikanyoosha mkono, nikalinganisha kilima changu na kile chenyewe.

Changu kilikuwa kama mtoto wa mbuzi, na chenyewe kama ng'ombe.

Nikadhani nimesimama vibaya. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia. Nikaleta karatasi karibu, karibu zaidi, mpaka ilipofika shubiri moja kutoka usoni. Hapo ndipo vilipolingana. Hapo ndipo doa langu dogo la kahawia lilipokuwa na ukubwa wa kweli, likafunika karibu theluthi ya upande wote wa mbele. Nani anasoma tangazo sokoni kwa kuligusisha pua?

Ilikuwa lenzi. Nilitaka vitu vyote viingie, na ili vyote viingie simu ilikisukuma kilima nyuma. Kila mti uko mahali pake kwenye ile picha. Kilima chenyewe ndicho nilichokipunguza.

"Unanusa nini, binti?" Mama Veranda alikuwa nyuma yangu.

"Hakuna kitu, mama."

"Karatasi ina harufu?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

Nikamwachia nakala mkononi nikaondoka karibu mbio. Nyuma nilimsikia akicheka. "Watoto wa siku hizi!"

Alhamisi, 11 Aprili

Sikusema.

Ijumaa, 12 Aprili

Sikusema. Baba amerudi saa nane.

Jumatatu, 15 Aprili

Nataka kuwa mkweli hapa angalau. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya Baba. Ni nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba leo Bwana Misitu aliniita hazina tena, mbele ya wageni kutoka makao makuu, na mimi nikatabasamu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia Shangazi. Niliandika kwenye karatasi kwa sababu mdomo ulikataa, nikaiweka juu ya kibodi yake. Alisoma. Akachukua picha, akafungua dirisha, akanyoosha mkono. Mvua ilimlowesha mkono hadi kwenye kiwiko na hakuurudisha ndani. Halafu akaileta picha taratibu usoni, kama nilivyofanya mimi.

Nilingojea kugombezwa. Aliketi, akavua miwani. Bila miwani anafanana na Baba sana, sikuwahi kugundua.

"Nilihesabu miti," akasema. "Miaka yote hii kazini, nikahesabu miti tu. Sahihi yangu iko pale pembeni, mwanangu. Hili ni letu wote wawili."

Tukaenda kwa Bwana Misitu. Alisikiliza akizungusha kalamu.

"Kuna mti hata mmoja wa uongo kwenye picha hii?"

"Hakuna," Shangazi akasema.

"Mipaka ya vitalu ni sahihi?"

"Sahihi."

"Basi uongo uko wapi? Watu wana macho, na kilima wanakiona kila siku. Nani atakwenda kupima?"

Shangazi akanigeukia. Nikajua ni zamu yangu, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyefungiwa kabatini. "Mama Veranda alisema 'kama ni hivyo tu'. Lakini si hivyo tu."

Bwana Misitu aliweka kalamu chini. "Leteni hiyo mnayoiita sahihi. Nitaiona. Siahidi kitu."

Hakuniita hazina. Nilipotoka, Shangazi alinishika bega korido nzima, mpaka mlangoni kwetu.

Jumatatu, 22 Aprili

Tumeazima kamera ya kweli, yenye lenzi inayoona takriban kama jicho. Kilima hakionekani. Ukungu.

Jumanne, 23 Aprili

Ukungu.

Alhamisi, 25 Aprili

Ukungu. Mlinzi ananiuliza kila asubuhi, "Leo kimeamka?" Hakijaamka.

Jumatatu, 29 Aprili

Ukungu, na kamera imeingia unyevu. Shangazi ameizika kwenye ndoo ya mchele mkavu. Kila saa anakwenda kuisikiliza kama mgonjwa.

Alhamisi, 2 Mei

Kimetoka! Saa nne kasorobo hadi saa nne na nusu. Tulikimbia, Shangazi na viatu mkononi. Tumepiga njia panda, mbele ya kiwanda, na verandani kwa Mama Veranda, ambaye alituletea viti akauliza mbona picha ya kwanza haitoshi. Shangazi akamjibu, "Haitoshi, dada. Utaelezwa." Mimi nikaifunga kamera.

Jumamosi, 4 Mei

Picha imeiva.

Safari hii sikubadilisha anga. Wala ardhi. Programu hupenda kupaka nyasi kijani mahali palipokatwa, lakini Shangazi alikumbuka picha za uvunaji wa kilima kingine, na huko hapakuwa na nyasi mwaka wa kwanza. Palikuwa na visiki, matawi yaliyotupwa, na udongo uliochimbwa na minyororo ya kuvutia magogo. Tukaweka hayo. Na mraba wetu, kwa ukubwa wake wa kweli, umekaa kwenye uso wa kilima kama kiraka kwenye makalio ya suruali.

Bwana Misitu alikuja, akatazama, akafunga mlango. "Mkionyesha hii watakataa wote. Na kiwanda kikifungwa, binti, wa kwanza kurudi nyumbani ni nani?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba alikuwa amechoka na alikuwa anasema kweli.

Jumatatu, 6 Mei

Nilimwonyesha Baba. Nilichagua saa kumi na moja jioni, Mama akiwa kwa jirani. Niliweka picha zote mbili mezani, ya simu na ya kamera, nikamweleza lenzi, shubiri, kila kitu. Sijawahi kumwambia Baba maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Alinyanyuka akaenda kusimama mlangoni akiipa mvua uso. Niliona mgongo wake tu.

"Kwa hiyo unataka kuwaambia watu."

"Nataka, Baba. Ila sitaki geti lifungwe."

"Unataka vyote."

"Ndiyo."

Akarudi, akaketi, akavuta ile ya kamera chini ya taa. Alikaa nayo. Nikaona kidole chake, kile kilichokosa kucha, kikipita kwenye ukingo wa mraba. Kikasimama kwenye kona.

"Nani alichora hizi pembe?"

"Ofisi."

"Kwa rula?"

"Kwa kompyuta."

"Ni rula tu hiyo, ina umeme ndani." Akaanza kupata moto, kama kila anapoona mtu akiharibu mbao nzuri. "Hapa kuna korongo. Nani atavuta gogo kuvuka korongo? Wazee walionifundisha mimi kukata walikuwa wanafuata bonde, wanashuka nalo. Wakiacha hapa juu, kwenye mgongo, ukanda usioguswa, kwa sababu upepo ukipenya hapo unaangusha na ile isiyokatwa. Ukikata namna hiyo, ukiwa mjini unaona nini?"

Nilifikiri. "Vipande vipande. Nyuma ya bega la kilima huoni kabisa."

"Haya. Lete kalamu."

Kitindamimba alikuja kuangalia. "Baba anachora!" akapiga kelele hadi Mama akarudi mbio akidhani kuna aliyeumia.

Ijumaa, 10 Mei

Shangazi amepiga hesabu za mistari ya Baba. Badala ya miaka mitatu itachukua miaka tisa, na vipande vidogo vitafuata mabonde. Kila mwaka kiwanda kitapata magogo machache kuliko kilivyotaka, ila kitapata kwa miaka tisa, na kipande cha kwanza kitakuwa kimepandwa na kuota kabla cha mwisho hakijakatwa. Zamu mbili za kazi kiwandani, kama sasa, haziwezekani. Moja inawezekana.

Nilimwambia Baba hilo la zamu moja. Alisema, "Moja ni zaidi ya sifuri," akaenda kunoa kisu ambacho hakikuwa butu.

Jumanne, 14 Mei

Picha za mpango wa Baba zimeiva zote tatu. Sitasema ni nzuri. Mwaka wa kwanza kilima kina makovu, na yeyote mwenye macho atayaona. Mwaka wa tano makovu ya kwanza yana kijani cha kukwaruza, kama kidevu cha mtu ambaye hajanyoa. Mwaka wa ishirini msitu umerudi, lakini si huu wa sasa. Una ngazi ngazi, mirefu na mifupi, kama familia inayopigwa picha. Mimi naupenda huo kuliko huu tulio nao. Shangazi akanikumbusha kwamba kupenda kwangu hakumo kwenye daftari la vipimo.

Jumatatu, 20 Mei

Bwana Misitu amekubali. Ataeleza yeye mipango yote miwili, kisha mimi nitapewa dakika kumi kusema picha ya kwanza ilikosewa vipi. Mimi! Nikamwomba Shangazi aseme yeye. "Lenzi aliiweka nani?" akauliza.

Nimepata hila ya kusema bila kusema. Picha hizi zikichapwa kwenye karatasi kubwa, zinalingana na kilima chenyewe ukizishika sentimita hamsini na nane kutoka jichoni. Kwa hiyo kila karatasi itaandikwa mahali ilipopigiwa, na itafungwa uzi wa urefu huo wenye fundo mwishoni. Mtu ataweka fundo shavuni, atanyoosha uzi mpaka ukaze, atatazama kilima kupitia madirisha ya ukumbi, ambao uko hapo hapo njia panda na madirisha yake yote yanakielekea. Ataona mwenyewe. Mimi nitagawa tu.

Alhamisi, 23 Mei

Nyuzi mia mbili. Kitindamimba anakata, mimi nafunga. Paka amekula moja.

Jumamosi, 25 Mei

Nilipoamka, dirishani hapakuwa na kilima. Hata paa la jirani halikuwepo. Ukungu ulikuwa umekaa mjini kama blanketi lililolowa, na saa nne, ukumbi ukiwa umejaa hadi watu wanakaa kwenye vizingiti, madirisha yote yalikuwa meupe.

Karatasi zangu mia mbili na nyuzi zake zilikuwa kwenye boksi miguuni, na hapakuwa na kitu cha kuzilinganisha nacho.

Bwana Misitu alieleza mipango yake. Kisha akasema, "Binti wa ofisi yetu ana neno." Nilisimama. Nikasema shikamooni. Wakaitika marahaba kwa mkupuo, na yale mengine yote niliyokariri yakafutika.

Nikayaona mambo mawili. Upande wa kulia walikaa watu wa kiwanda, Baba katikati yao, unga wa mbao bado kwenye nyusi. Mbele kabisa alikaa Mama Veranda, ameikunja ile picha ya zamani mapajani.

"Hiyo picha uliyoishika, mama," nikasema, "niliifanya mimi. Haisemi kweli."

Ukumbi ukavuma. Nikaendelea kwa sababu kuacha kungekuwa vibaya zaidi. "Miti yote iko mahali pake. Lakini nilikifanya kilima kidogo."

"Ulikifanyaje kidogo?" mzee mmoja akapaza sauti nyuma. "Ulikifua na maji ya moto?"

Kicheko kikalipuka. Nami nikacheka, sijui kwa nini, na sauti ikafunguka humo humo. "Karibu hivyo, babu. Ukipiga picha ya harusi na simu, ukataka ukoo wote uingie, bibi harusi anakuwa kama njiti ya kiberiti. Lakini ukimkuta mlangoni ni mtu mzima. Mimi nilitaka vyote viingie. Kilima kikawa njiti."

Wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wananisikiliza.

Mama Veranda akasimama. "Ngoja. Siku ile verandani kwangu. Hicho ndicho ulichokuwa unanusa?"

"Ndiyo, mama."

"Nikakuuliza. Ukaniambia hakuna kitu."

"Nilikudanganya, mama. Nilikaa na jambo hili siku nane kabla ya kumwambia mtu. Naomba radhi."

Hakuketi. Alinitazama juu ya miwani, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikutazama viatu vyangu.

Mtu wa kiwandani akageuka kwa Baba. "Binti yako anatukatia mkate, ndugu yangu!"

Baba akainuka taratibu. "Mistari ya huo mpango wa pili nimechora mimi. Ukitaka kugombana, nipo hapa, mtoto mwache amalize." Akaketi.

"Na hizi mpya?" Mama Veranda akauliza. "Kwanza mlituletea uongo, leo mnaleta nyingine. Tutajuaje?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote, na jibu langu lilikuwa nyuma ya ukungu.

"Leo hamwezi kujua," nikasema. "Msinisadiki. Chukueni hizi karatasi mwende nazo nyumbani. Fundo shavuni, uzi ukaze, simama palipoandikwa. Siku kikitoka, kila mtu apime mwenyewe. Kama havilingani, kataeni mipango yote miwili, na mimi nitasimama hapa tena mniambie."

Mama Veranda akanyoosha mkono. "Nipe tano. Nina wageni."

Wakaahirisha kura hadi Jumamosi ijayo. Boksi lilirudi tupu. Mkutano ulipokwisha Shangazi alipita karibu yangu akasema, "Dakika kumi na tisa. Ulipewa kumi." Nikamtazama, na safari hii nilijua kwamba ni utani.

Jumatatu, 27 Mei

Ukungu. Bwana Misitu amezunguka mwenyewe sokoni, zahanati na stendi akibandua picha za zamani. Ningeweza kutumwa mimi. Alirudi amelowa, misumari mfukoni, akaziweka picha mezani kwetu. "Niliuliza nani atapima," akasema. "Haya, mji mzima." Akaomba uzi wake.

Jumatano, 29 Mei

Kimetoka saa tatu asubuhi, kisafi kama sahani.

Sitasahau. Njia panda walikuwa kama thelathini, fundo shavuni, jicho moja limefumbwa, karatasi zimenyooshwa mbele kama watu wanaolenga mishale. Mwalimu akimrekebisha muuza mkaa kiwiko. "Kaza uzi, kaza!" Mbele ya kiwanda watu wa zamu nzima walitoka na kujipanga, na Baba akipita nyuma yao kama sajini. Niliogopa. Kama nilikuwa nimekosea tena, ningejua leo, mbele ya wote.

Muuza mkaa alishusha karatasi yake, akaipandisha, akaishusha. "Mgongo umeingia kwenye mgongo," akasema. "Hata lile jiwe."

Nikaenda nyuma ya ukuta wa stendi nikalia kidogo. Kwa raha.

Jumamosi, 1 Juni

Kura imepigwa kwa kunyoosha mikono. Mpango wa mraba ulipata mikono sita. Mpango wa mabonde umepita, kwa wengi, ila si kwa kishindo. Mama Veranda alikataa yote miwili. Alinijia mlangoni baadaye.

"Sijakukasirikia. Nimesimama verandani na karatasi yako siku tatu. Bado sitaki hata tawi likatwe. Lakini Machi nilikubali kitu nisichokijua, na leo nimekataa kitu ninachokijua. Kwangu hiyo ni tofauti."

"Asante, mama."

"Na uje unywe chai. Usinuse, unywe."

Zamu ya pili kiwandani itafungwa. Watu kumi na mmoja. Baba amebaki, siku nne kwa wiki. Wawili kati ya kumi na mmoja ni rafiki zake, na leo hakuna aliyepita kwetu. Mama alijaribu kusema ni mvua. Mvua iliacha juzi. Nimeliandika hili kwa sababu nalo ni sehemu ya picha.

Ijumaa, 7 Juni

Jua siku ya tano. Barabara imekauka, na Jumatatu misumeno inapanda.

Shangazi na mimi tumesimika nguzo fupi za zege mahali patatu nilipopigia picha. Kwenye kumbukumbu za ofisi ametaka niandike mimi: kimo cha kamera, lenzi, saa, upande, urefu wa uzi. Niliandika yote. Chini kuna nafasi ya maelezo ya ziada, ambayo watu huacha wazi. Nikauliza kama ninaweza kuijaza kwa lugha ya nyumbani, na Shangazi akasema karatasi haijali.

Nikaandika: "Mwaka wa tano baada ya kukatwa, mwezi huu huu, simama hapa na picha yangu. Kama kilima hakifanani nayo, nitafute unisute. Jina langu ni hili." Nikaweka jina langu kamili, herufi kubwa, na sahihi.